Joto Lipitalo Mahali Patupu

Mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza katika mji wetu, ulioitwa bado Élisabethville. Mtu aliyesimama mbele ya shaba iliyoyeyuka ajua jambo moja: uso waungua, na huku mgongo wapigwa na upepo baridi. Akikinga uso kwa ubao, joto lakoma papo hapo. Kumbe joto hilo halichukuliwi na hewa. Laja kwa mstari ulionyooka, kama nuru. Wafua shaba wa kale, Wayeke na Wasanga, waliojenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, walilijua hilo kwa ngozi zao.

Lakini je, hewa ikiondolewa kabisa, joto litapita? Sauti haipiti. Na kama joto nalo halipiti, jua lingetufaa nini, maana kati yetu nalo mna kilomita milioni 150, karibu zote tupu?

Katika miaka ya 1780 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyemtumikia mtawala wa Bavaria, baadaye akaitwa Rumford, alitwaa bomba la kioo lenye tufe, na ndani ya tufe kipimajoto. Alilijaza zebaki, kisha akaiacha ishuke, juu pakabaki utupu. Ndiyo njia ya Torricelli, Mwitalia wa karne ya 17. Akaliziba tufe, akalitia katika maji yachemkayo. Kipimajoto kikapanda! Kilipanda polepole kuliko penye hewa, lakini kilipanda. Mbishi angesema joto lilipita katika kioo chenyewe, na twaona hoja yake si ya kipuuzi.

Mwaka 1800 William Herschel, huko Uingereza, aliitawanya nuru ya jua kwa kipande cha kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali jicho lisipoona kitu. Hapo palikuwa na joto kuliko penye rangi zote. Basi jua hutuletea pia miali isiyoonekana, nayo hufika kwa dakika nane hivi, sawa na nuru.

Naye James Dewar, mwaka 1892, alitengeneza chupa ya kuta mbili, akaondoa hewa katikati. Utupu peke yake haukutosha kuzuia joto, ndiyo sababu kuta hupakwa fedha ing'aayo ili kuirudisha miali. Termosi ya chai ikivunjika, vitazame vipande vyake.

Hata ardhi yetu hutoa miali hiyo. Usiku wa Juni na Julai, mbingu zikiwa hazina wingu, joto la mchana lapanda na kutoroka, na asubuhi twatetemeka tukienda Misa.