Upana wa Mshale: Masuala ya Mi'radh na Wapiga Uta wa Pwani Yetu

 

Mwanafunzi anayesoma Minhaj katika darsa zetu za Mji Mkongwe, akifika Kitabu cha Kuwinda na Kuchinja hukutana na masuala ambayo aghlabu hupitwa upesi. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277) anamtaja mnyama aliyejeruhiwa na kigumba cha mshale, kisha upana wa mshale huo huo ukamwathiri ulipokuwa ukipita, akafa kwa yote mawili. Hukumu yake ni haramu. Mwanafunzi hujiuliza: mshale mmoja utampigaje mnyama kwa ncha na kwa ubavu kwa pamoja? Basi huyaweka katika fungu la masuala ya kudhania. Lakini anayejua namna mshale unavyoruka anajua kuwa hiyo ndiyo aibu ya kawaida kabisa ya mishale.

Asili ya masuala haya ni Hadithi ya Adiyy bin Hatim at-Tai (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Watu wake walikuwa watu wa kuwinda, na maswali yake yanaonyesha mtu aliyezoea porini: mbwa akila katika windo, mbwa mgeni akichanganyika na wako, windo likikutwa limezama majini. Akauliza pia juu ya mi'radh. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa kikipiga kwa makali yake na ale, na kikipiga kwa upana wake asile, kwani hicho ni kilichouawa kwa kipigo. Hili linarejea kwenye Suratul Maida, aya ya 3, ambamo aliyekufa kwa kupigwa ametajwa miongoni mwa walioharamishwa.

Mi'radh ni kitu gani? Hapa wanavyuoni wamekhitalifiana. Imepokewa kwa al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa lugha, kuwa ni mshale usio na manyoya wala kigumba. Wengine wamesema ni mti mzito ambao pengine ncha yake hutiwa chuma. Mimi naona tafsiri ya al-Khalil ndiyo inayolingana zaidi na swali la Adiyy, kwa sababu kijiti kisicho na manyoya, ukikirusha, hakina kitu cha kukishika mkia. Hugeuka hewani, na mara hufika kwa ncha, mara kwa ubavu. Mwindaji mkweli lazima aulize.

Na mshale wenye manyoya nao hausalimiki. Upote unapoachiwa husukuma mshale kwa nyuma kwa nguvu na ghafla, na wano, yaani kijiti chenyewe, hupinda kidogo kisha hujinyoosha, ukapinda upande wa pili, hivyo hivyo mpaka utulie. Wano likiwa laini mno kwa uta mkali, au gumu mno kwa uta dhaifu, mshale hutoka umekaa upande. Manyoya ndiyo yanayourudisha katika njia yake. Na kigumba kikiwa kipana, jambo huzidi kuwa gumu, kwani bapa lile la chuma nalo hushika upepo, tena kwa mbele, likashindana na manyoya ya nyuma. Kikikaa kombo japo kidogo, mshale huchepuka. Basi kigumba kipana, ambacho ndicho kinachojeruhi vizuri, ndicho kinachotaka wano lililonyooka zaidi na manyoya makubwa zaidi.

Waislamu wa zamani waliyajua haya kwa undani. Mwandishi mmoja wa Maghrib, wa mnamo mwaka 1500, katika kitabu chake cha fadhila za uta na mshale aliweka mlango mahsusi wa kuyumba kwa mshale angani, na sababu zake akazigawa: nyingine ni za mpigaji, nyingine ni za chombo. Ukiusoma mlango ule pamoja na Minhaj, unaona kuwa fundi na faqihi walikuwa wakizungumzia kitu kimoja. Huyu anataka mshale ufike sawa ili ulenge. Yule anataka ufike sawa ili nyama iliwe.

Upepo ni mbali na haya. Mshale ukisaidiwa na upepo mpaka ukafika kwenye windo, wanavyuoni wetu wa Kishafi hawaoni ubaya, kwani upepo hauna mtu awezaye kuuzuia.

Tuje kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta watu wake ni wa madh-hebu ya Shafi, na watu wa pwani hii waliujua uta: Wareno walipoishambulia Mombasa mwaka 1505 walipokewa na wapiga mishale. Bara mpaka leo wapo mafundi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hunyoosha wano kwa moto na meno, hufunga manyoya ya ndege kwa nyuma, na vigumba vyao hufua kwa misumari. Kwetu Unguja, wasasi wa Jozani na upande wa kusini walitegemea zaidi mbwa, nyavu na mikuki, halafu bunduki. Nadhani ni kwa sababu ya vichaka vyetu vya maweni, ambavyo ni vizito, na jani moja tu latosha kuuharibu mshale njiani kabla ya kumfikia paa.

Kuna jambo la bara ambalo Muislamu hana budi kulijua, nalo ni sumu. Makabila mengi hupaka vigumba sumu inayopikwa kwa msunguti, na sumu hiyo huusimamisha moyo. Mshale wa namna hii hauhitaji kuingia sana. Jeraha ni dogo, na kinachoua ni sumu. Ibn Qudama (aliyefariki 620 H / 1223) ameeleza katika al-Mughni kuwa windo la mshale wenye sumu haliliwi ikijulikana kuwa sumu ilisaidia kuua. Na kwa Shafi kanuni ni ile ile ya upana wa mshale: sababu ya halali na ya haramu zikikutana katika kifo kimoja, haramu hushinda. Mnyama akidirikiwa angali na uhai uliotulia, akachinjwa, hapo ni halali.

Bunduki ilipokuja, masuala haya yalifufuka. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 H / 1567), katika Tuhfa, sharhe ya Minhaj ambayo maulamaa wa Hadhramaut na wa kwetu huitegemea sana, alikaza: risasi inayorushwa kwa moto huunguza na kuua upesi, basi haifai, ila fundi hodari akijua kuwa itapiga mahali kama bawa la ndege mkubwa na kumzuia tu. Ash-Shawkani wa Yemen (aliyefariki 1250 H / 1834) alisema kinyume: risasi hutoboa, huingia huku na kutokea kule, basi hukumu yake ni ya makali. Tazama zama zenyewe. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hili halikuwa swali la vitabuni tu kwa kizazi cha Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925.

Kwa risasi yenye ncha ya siku hizi naona kauli ya ash-Shawkani ina nguvu, kwa vile kutoboa kwake kunaonekana kwa macho. Ama changarawe ya manati, ambayo vijana wetu wa mashamba huipigia tetere na njiwa, haina makali wala haitoboi. Inaua kwa uzito na kishindo, sawasawa na ubavu wa mi'radh. Ndege aliyeangushwa nayo akafa kabla ya kisu ni mzoga, hata kama mpigaji alipiga Bismillahi. Akiokotwa bado ana uhai uliotulia, na achinjwe papo hapo, kisha aliwe.

Wallahu aalam.