Klape ya hewa ya plonjere: namna ya kuiosha, kuipima na kuibadilisha

Kabambare inajulikana zaidi kwa zahabu ya nchi kavu, kama ile ya Namoya. Lakini mashariki mwa Congo kuna pia zahabu ya mtoni, inayovutwa na draga. Mwaka 2016 shirika la Global Witness lilitoa ripoti juu ya draga za mto Ulindi, katika teritwari ya Shabunda, jirani na Maniema. Kwenye draga ndogo, mtu anashuka chini kuongoza tiyo kubwa inayovuta muchanga. Huyo ndiye plonjere. Uzima wake unategemea kipande kidogo cha mpira kinachoitwa klape.

Klape ni nini?

Klape ni mlango mdogo unaoacha hewa ipite upande mmoja tu. Mashine ya kompresere inasukuma hewa kwenye tanki, hewa inapita ndani ya tiyo na kufika kwenye detandere, kile kifaa cha kinywani. Kwa kawaida kunahitajika klape tatu:

– Ya kwanza iko kati ya kompresere na tanki. Motere ikizimika, inazuia hewa ya tanki isirudi nyuma, na plonjere anabaki na hewa kidogo ya kupandia.
– Ya pili iko mwisho wa tiyo, karibu na plonjere. Tiyo ikikatika juu, inafunga palepale.
– Ya tatu ni kile kipande laini ndani ya detandere kinachotoa pumzi na kuzuia maji yasiingie.

Sababu gani klape ya pili ni ya lazima?

Maji yana uzito. Kila mita 10 za kina zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 10 mtu anabanwa mara mbili kuliko aliye ndani ya mtumbwi. Tiyo ikipasuka juu na klape haifungi, hewa inakimbilia kule kwenye mgandamizo mdogo, na mapafu ya plonjere yanavutwa pamoja nayo. Anaweza kutoka damu mapafuni ao kufa.

Jambo hili lilijulikana zamani Ulaya, wakati wa kofia za shaba za karne ya 19. Wapiga mbizi waliumia vibaya tiyo ilipokatika, na ndiyo maana klape ya kuzuia hewa isirudi iliwekwa kwenye kofia. Hata leo, katika nchi za baridi, wapiga mbizi wanavaa nguo isiyoingiza maji, yenye klape ya kuingiza hewa kifuani na ya kuitoa mkononi. Ile ya kuingiza ikikwama wazi, nguo inajaa na kumrusha mtu juu kwa nguvu. Mtoni kwetu nguo hiyo haivaliwi, lakini adui wa klape ni walewale: muchanga, kutu na mpira uliozeeka.

Kuosha kila siku

Kazi ikiisha, klape inafunguliwa mbali na muchanga, juu ya kitambaa safi. Vipande vinapangwa kwa mufuatano ili virudishwe vilevile. Vinaoshwa kwa maji safi, sabuni kidogo na brosi laini ya meno. Musumari na kisu havifai: vikikwaruza fasi ambapo mpira unakaa, hewa itapita daima. Esanse pia haifai, inavimbisha mpira na kumuachia mtu harufu mbaya ya kuvuta. Grese ya motere ni vilevile. Inayokubaliwa ni grese ya silikoni ya vifaa vya mbizi, kidogo sana, kwenye pete za mpira tu. Kwenye kipande laini cha klape haipakwi, maana inashika muchanga. Vikaukie kivulini, kwa sababu jua linakausha na kupasua mpira.

Kupima kabla ya kushuka

Klape ya tiyo inatolewa na kupulizwa kwa kinywa. Kutoka upande wa tiyo, hewa inapashwa kupita. Kutoka upande wa plonjere, isipite hata kidogo. Mshale ulioandikwa juu yake unaonyesha hewa inakokwenda. Wakati wa kufunga, uelekee plonjere.

Kwa detandere, tundu la tiyo linazibwa kwa kidole, kisha mtu anavuta pumzi polepole. Kama hewa inaingia, kuna fasi inavuja: muchanga umeshika klape ya pumzi, ao mpira umekunjika ao kupasuka.

Wakati wa kubadilisha

Mpira uliokuwa mgumu, uliopasuka ao kuvimba hautengenezwi, unabadilishwa. Kukata kipande kwenye mpira wa ndani wa gari ni hatari, maana unene wake na ukingo wake havilingani na mahali pake. Springi iliyolegea haivutwi kwa mkono ili irefuke. Inawekwa nyingine ya kipimo kilekile.

Klape haisafishi hewa

Klape nzima haizuii moshi. Mahali kompresere inapovutia hewa panapashwa kuwa mbali na bomba la moshi la motere, upande upepo unakotoka. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo sumu yake inavyozidi. Plonjere akisikia kichwa kuuma ao kizunguzungu, apande bila haraka, akiendelea kupumua. Kuzuia pumzi wakati wa kupanda kunaweza kupasua mapafu.

Nani apime?

Mara nyingi mwenye mashine ndiye anayenunua vipande, lakini anayeshuka ni mwingine. Kwa hiyo plonjere mwenyewe apime klape yake kila asubuhi, mbele ya yule atakayechunga motere na kamba. Klape ikipitisha hewa pande zote mbili, hakuna kushuka siku hiyo mpaka ibadilishwe, hata kama esanse imekwisha kutiwa na wenzake wanangoja.