Riwaya ya Kamari kwenye Foleni ya Maji

Kitabu kilinifikia bila jalada. Mfanyakazi mmoja wa shirika alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, akaacha katoni ya vitabu mlangoni mwa darasa letu la jioni hapa Kakuma. Wenzangu waliwahi kamusi na vitabu vya hesabu. Mimi nikabaki na hiki, kurasa zimeshakuwa njano, jina nikalikuta ndani: Faro's Daughter, cha Georgette Heyer. Faro ni mchezo wa karata, kamari ya pesa. Kule Uvira nilikuwa mwalimu wa historia, nikajiambia basi angalau nitajifunza kitu kuhusu kamari ya Waingereza. Uongo mtupu. Siku ya pili nilikuwa nasoma kwa tochi ya simu, betri asilimia nne, nataka tu kujua wale wawili watagombana tena lini.

Wale wawili ni Deborah Grantham na Max Ravenscar. Tuko London, miaka ya 1790. Deborah anaishi na shangazi yake ambaye amegeuza nyumba kuwa mahali pa kucheza kamari, na madeni yamewafika shingoni. Shangazi huyo ndiye nampenda kuliko wote: kila akitokea analia bili, mishumaa, farasi, hata njegere. Ravenscar ni tajiri, na binamu yake mdogo anataka kumuoa Deborah. Basi tajiri anakuja na pesa kumnunua yule dada aachane na kijana. Kumbe Deborah hakuwa na mpango wowote wa kuolewa na kijana yule! Lakini ametukanwa. Kwa hasira anasema sawa, sasa nitaolewa naye, tuone. Anavaa nguo za kutia aibu mbele za watu, anacheka kwa sauti, na mwishowe anaamuru Ravenscar akamatwe na kufungiwa chini ya nyumba, kwenye chumba cha pombe. Jamaa anaunguza kamba kwa mshumaa, na mikono yake pamoja, halafu anapanda juu kati ya wageni kana kwamba hakuna kitu.

Nilicheka mpaka jirani akagonga mabati.

Kitabu kilitoka mwaka 1941. Hapo ndipo mwalimu ndani yangu aliamka. Ndege za Wajerumani zilianza kuipiga London kwa mabomu mfululizo Septemba 1940 hadi Mei 1941. Karatasi zenyewe zilikuwa za mgao, kama unga wetu. Na mama huyu, aliyezaliwa 1902, mwenye mume, mtoto na madeni ya kodi, anaandika watu wanaogombana kwa sababu ya harusi. Zamani ningesema ni upuuzi, dunia inaungua, wewe unaandika nguo. Leo sisemi hivyo. Mtu aliyelala chini ya ardhi kuogopa bomu anajua vizuri kwamba kuna vita, hahitaji riwaya imkumbushe.

Neno adui kwetu si la kuchezea. Adui ana jina la kabila, ana panga, ana kijiji ulichokuwa unapita kwenda sokoni. Adui wa Heyer ni mtu aliyekudharau sebuleni. Kuna wakati nilitaka kukitupa kwa ajili hiyo tu. Halafu nikaona kwamba kupumzika kwangu kulitoka papo hapo: hawa maadui wawili najua tangu mwanzo kwamba hakuna atakayemuua mwenzake.

Kasoro zipo, tusidanganyane. Ravenscar, akidhani Deborah ameshaolewa, anakwenda kumtukana bila kuuliza hata swali moja, na baadaye anasamehewa haraka mno. Sipendi kabisa. Tunafundisha mabinti hapa kambini kwamba mwanaume anayekutukana hakupendi, ndiyo hivyo. Watumishi kwenye kitabu wapo kwa ajili ya kuchekesha au kufungua mlango. Heyer alikuwa na madaftari ya utafiti, anajua kila kifungo na kila gari la farasi. Lakini sukari ya wale matajiri ilitoka kwa watumwa wa Karibea, na Uingereza haikukataza biashara ya watumwa mpaka 1807. Kitabuni, kimya. Na katika The Grand Sophy ya 1950, miaka mitano tu baada ya vita, alimchora Myahudi mkopeshaji kwa matusi yale yale ya zamani. Hilo siwezi kulipitia kwa kucheka.

Hata hivyo nikaanza kuwasimulia wamama kwenye foleni ya maji. Jerikeni zimepangwa, bomba bado, jua tayari. Nilimfanya shangazi wa madeni aongee kama mama mmoja wa Fizi tunayemjua wote. Kesho yake wakaniuliza, "Mwalimu, yule wa chini ya nyumba ametoka?"

Baadaye nilisoma jambo kuhusu Heyer lililonikalisha chini. Alipata barua kutoka kwa mwanamke wa Romania, mfungwa wa kisiasa, aliyekaa gerezani miaka 12. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na hadithi kichwani, Friday's Child ya 1944, nyingine nyepesi ya Heyer, akawa anaisimulia kwa wafungwa wenzake tena na tena ili akili zisiwapotee. Heyer hakuwa mtu wa kupenda sifa, alikwepa waandishi wa habari maisha yake yote, lakini barua ile aliitunza.

Kuna binti mwingine katika riwaya, Phoebe. Familia yake imefilisika, wanataka kumwoza kwa mzee tajiri anayemwogopa. Deborah anamficha nyumbani. Nilipofika hapo, foleni ikanyamaza. Mbele yangu alikuwepo mama ambaye binti yake ana miaka 16 na wageni wameshakuja mara mbili na maneno ya mahari. Sikujua niendelee au niruke. Nikaendelea. Mama hakugeuka, alisogeza tu jerikeni yake kwa mguu.

Jioni alikuja nyumbani, akasimama nje ya uzio. "Mwalimu, yule mtoto aliolewa na mzee?"

Nikamwambia hapana, aliolewa na yule kijana.

"Na wazazi walikula nini?"

Heyer hakuandika hilo, na mimi sikuwa na jibu. Akaniomba kitabu. Hasomi Kiingereza, alisema binti atamsomea, yuko kidato cha pili. Ni wiki ya tatu sasa, hakijarudi, na sijaenda kukiuliza.