Hukumu imetolewa bila wewe kuwepo kortini: unachoweza kufanya

Tuseme una duka Kakuma au Kalobeyei. Ulichukua magunia 60 ya unga kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Kitale. Magunia 20 yalifika yamelowa, ukakataa kuyalipia. Mkabishana kwa simu, kisha kimya. Miezi kadhaa baadaye dalali anaingia dukani na karatasi za korti, anaorodhesha friji, mizani na bidhaa zako. Ndipo unapojua kwamba ulishtakiwa, kesi ikaisha, na unadaiwa pesa yote pamoja na riba na gharama.

Hiyo ni hukumu ya upande mmoja. Nchini Kenya, usipojibu madai ndani ya siku zilizoandikwa kwenye samansi, mdai anaweza kuiomba korti itoe hukumu bila kukusikiliza. Korti hiyo hiyo inaweza kuitengua, chini ya Agizo la 10, kanuni ya 11, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010. Kuwa mkimbizi hakupunguzi haki hii: Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa.

Je, samansi ilikufikia?

Anzia hapa. Nenda masjala ya korti na namba ya kesi iliyo kwenye karatasi za dalali, uombe kuona faili. Uliza pia kesi iko korti gani, kwa sababu madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Korti ya Madai Madogo, ambayo ina sheria yake. Maelezo ya hapa ni ya korti ya kawaida ya hakimu.

Ndani ya faili tafuta hati ya kiapo ya mtu aliyepeleka samansi. Inaeleza alimpa nani, siku gani na mahali gani. Je, anataja bloku ambayo hujawahi kuishi? Je, siku hiyo ulikuwa umelazwa hospitalini? Korti inaweza kumwita aulizwe maswali chini ya kiapo. Ikithibitika kuwa samansi haikupelekwa inavyotakiwa, hukumu hutenguliwa kama haki yako, na unapata nafasi ya kujitetea. (Wewe mfanyabiashara unayeshtaki, kumbuka hili pia: samansi iliyopelekwa ovyo itakurudisha nyuma.)

Tangu 2020 samansi inaweza pia kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Wengi hufuta ujumbe wa namba ngeni wakidhani ni matapeli. Ukiona hati inayotaja korti na namba ya kesi, ipeleke siku hiyo hiyo kwa shirika linalotoa msaada wa kisheria.

Kama ilikufikia na hukujibu

Njia bado ipo, ila sasa unategemea hiari ya hakimu. Ataangalia kwa nini hukujibu, umekaa muda gani kabla ya kuja, na kama una utetezi. Katika kesi ya Shah dhidi ya Mbogo ya 1967, korti ilieleza kwamba uwezo huu ni wa kumwokoa aliyekosa kwa ajali au kosa linalosameheka, sio wa kumsaidia anayechelewesha haki makusudi. Kusema tu "sikuelewa Kiingereza" ni dhaifu. Kuonyesha kwamba ulitafuta mkalimani mara moja, na nakala ya ombi lako la kibali cha kutoka kambini lililochelewa kujibiwa, kuna uzito.

Utetezi wako si lazima uwe wa kushinda. Kesi ya Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services inasema inatosha kuwe na jambo linalostahili kusikilizwa. Picha za magunia yaliyolowa, ujumbe ulioutuma siku yalipofika na taarifa za M-Pesa ndivyo vitu vya kuambatisha. Na kama unakubali unadaiwa magunia 40, sema hivyo. Ukikana deni lote huku simu yako inaonyesha uliahidi kulipa, hakimu hatakuamini hata pale unaposema kweli.

Usisubiri dalali arudi

Dalali akishaorodhesha mali, una siku 7 kabla hajaichukua. Kwa hiyo peleka ombi la maandishi, hati yako ya kiapo na rasimu ya utetezi, na uombe pia utekelezaji usimamishwe kwa muda. Bila agizo hilo, dalali anaendelea na kazi yake hata kama ombi lako liko kortini. Angalia pia kwenye faili kama ulipewa notisi ya siku 10 ya hukumu kabla ya utekelezaji; sheria inaidai. Nguo za lazima, sufuria, vitanda na matandiko ya familia havichukuliwi, wala vifaa vya lazima vya kazi, kama cherehani ya fundi.

Hakimu akikubali, mara nyingi huweka masharti: ulipe gharama za mdai, au uweke sehemu ya pesa kortini kufikia tarehe fulani. Usipoyatimiza, hukumu inaweza kurudi. Akikataa, unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30.