Safu ya Lugha: Kurekebisha

Siku hizi kila kazi ya pikipiki huitwa "kurekebisha", hata kukata ekzosi ili ipige kelele. Hilo ni kosa. Neno hili asili yake ni Kiarabu, mzizi uleule uliotupa merikebu, na kwetu maana yake ni kuweka kitu sawa. Suzuki GSX-R750 ya 1985 ina kabureta nne. Fundi akizisawazisha zivute hewa kwa kiwango kimoja, amerekebisha. Akifufua pikipiki iliyochakaa, amekarabati. Akifunga ekzosi ya mashindano na jeti kubwa zaidi za kabureta, ameigeuza.

Wapo watakaosema gereji zote zinaelewana kwa neno hilo moja, "kurekebisha". Mafundi huelewana kwa kuwa wanaiona kazi yenyewe. Mnunuzi wa pikipiki kuukuu ana neno tu. Akiambiwa "imerekebishwa", ana haki ya kujua iwapo imerudishwa ilivyotoka kiwandani au imegeuzwa.