Shambulio: Kofi, Fimbo na Fomu ya P3

Katika mahakama za Kericho na Bomet, kile wenyeji wanachokiita "kesi ya assault" husomwa kwa Kiswahili kuwa shambulio. Neno lina kishindo. Anayelisikia mara ya kwanza huwazia jeshi limevamia kijiji. Kisheria, kofi moja latosha, hata lisipoacha alama.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inapanga makosa haya kwa uzito. Kifungu cha 250 ni shambulio la kawaida, na adhabu yake haizidi mwaka 1 jela. Cha 251 ni shambulio la kudhuru mwili: hadi miaka 5. Cha 234 ni kudhuru vibaya, na hapo mtu aweza kufungwa maisha.

Tuseme wachumaji wawili wa majani chai wanagombania zamu ya kupimiwa jioni. Mmoja ana ile fimbo inayolazwa juu ya michai ili majani yachumwe kwa usawa. Akimpiga nayo mwenzake bila kumwumiza, ni 250. Ikimvimbisha bega, 251. Ikimpofusha jicho, 234. Hasira ni ileile na mkono ni uleule. Kinachopandisha shtaka ni dhara lililotokea. Hapo ndipo fomu ya P3 inapopata uzito: polisi huitoa, tabibu huijaza na kutaja kiwango cha jeraha. Mlalamishi anayekaa nyumbani wiki mbili akijikanda, kisha aende kupimwa uvimbe umeshakwisha, amejipunguzia ushahidi.

Na utetezi? Unaosikika sana ni "yeye ndiye aliyeanza." Hiyo peke yake haitoshi. Kifungu cha 17 kinaruhusu kujihami au kulinda mali, ila kwa nguvu zinazolingana na hatari. Aliyeshikwa shati akajibu kwa panga la kupogolea ana kazi ngumu, ingawa jukumu la kuthibitisha kosa pasipo shaka ya maana linabaki kwa upande wa mashtaka. Matusi hayafuti kosa. Huweza kupunguza adhabu tu. Ulevi nao, kwa kifungu cha 13, haumwokoi aliyejinywea kwa hiari yake, iwe busaa au chang'aa. Anayesema hakuwepo kabisa na aseme mapema, na amtaje aliyekuwa naye.

Kesi nyingi ndogo, kwa maoni yangu, zingefaa kuishia kwenye kokwet, baraza la majirani Wakipsigis. Sheria haiwazuii: kifungu cha 176 cha Kanuni ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida, na fidia ikalipwa. Jicho lililopofuka haliingii humo. Hata wazee wakishapatanisha, mlalamishi haendi tu kusema "nimesamehe" na faili ikafungwa. Chini ya kifungu cha 204 anaomba kuondoa malalamiko, na hakimu aweza kumkatalia.