Upangaji wa malengo katika NLP

Upangaji wa malengo katika NLP ni mbinu ya kugeuza tamaa ya mtu kuwa lengo linaloweza kutekelezwa na kupimwa. NLP ni kifupisho cha programu ya nyurolinguistiki, nadharia inayodai kwamba mawazo, lugha na mazoea ya mtu huathiriana.

Historia

NLP ilianzishwa na Richard Bandler na John Grinder katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Marekani, katika miaka ya 1970. Walichunguza jinsi wataalamu wa tiba ya kisaikolojia kama Virginia Satir, Fritz Perls na Milton Erickson walivyozungumza na wateja wao.

Kanuni

* Lengo litaje kinachotakiwa, si kinachoepukwa.
* Liwe katika uwezo wa mhusika mwenyewe.
* Liwe na dalili ya wazi itakayoonyesha kwamba limefikiwa.
* Litaje mahali na wakati.
* Gharama yake kwa mhusika na familia ipimwe kabla ya kuanza.

Mfano

Kigongo, katika Wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, palikuwa kituo cha kivuko cha kwenda Busisi hadi daraja la takribani kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Tuchukulie mama lishe aliyetegemea abiria wanaosubiri kivuko. Akisema "sitaki biashara yangu ife", bado hajui aanzie wapi. Tena kurudisha foleni ya abiria hakumo katika uwezo wake. Lengo linalofuata kanuni ni: "Katika wiki 2 zijazo nitatembelea sehemu 3 zenye watu wengi, nihesabu walaji wa mchana, kisha nichague moja ya kuhamia." Kabla ya kuhama, atalinganisha kodi ya kibanda na mahitaji ya nyumbani, kama karo ya watoto.

Tathmini

Madai mengi ya NLP hayajathibitishwa kisayansi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Richard Wiseman na wenzake haukuunga mkono dai la wafuasi wengi kwamba mwendo wa macho hufichua uongo. Hata hivyo, faida ya malengo mahususi ina ushahidi kutoka kwingine, hasa katika kazi za wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham. Kwa hiyo kanuni hizi hufaa kama maswali ya kujiuliza. Haziwezi kuchukua nafasi ya mtaji, ujuzi wala matibabu.